Haki ya Kiumbe Asiyependeza

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunataka katika kurasa hizi chache kuuliza suala moja ambalo watu hulipita kila siku pasi na kusimama: Je, karaha ya moyo ni hukumu? Yaani, mtu akikiona kitu kikamchukiza macho yake na pua yake, je, kule kuchukizwa kwampa ruhusa ya kukinyima kitu hicho haki yake?

Likiulizwa suala hili juu ya wanaadamu, kila mtu atajibu upesi ya kwamba la, haifai. Walakini jibu la upesi ni kama sarafu isiyopigwa jiweni; hujui kama ni fedha au ni risasi mpaka uijaribu. Kwa hivyo tumeona kheri kulijaribu jibu letu kwa kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea, asiye na sura ya kutuvuta, wala hana sauti ya kutufurahisha. Kiumbe huyo ni ndege mmoja wa Bara Hindi aitwaye hargila.

Hargila ni katika jamii ya korongo. Wataalamu wa elimu ya ndege wamwita Leptoptilos dubius, na neno hilo la pili, alilopewa mwaka 1789, maana yake ni "mwenye shaka". Akisimama, kimo chake hukaribia mita 1 na nusu, na mbawa zake zikikunjuliwa hupata kama mita 2 na nusu kutoka ncha hata ncha. Kichwa chake na shingo yake havina manyoya illa vinywele vichache vilivyotawanyika; mdomo wake ni mnene kama kabari ya kupasulia kuni; na shingoni pake huning'inia kifuko kirefu cha ngozi tupu. Huenda kwa hatua za kuhesabu, kama askari katika gwaride, na kwa ajili ya mwendo huo Waingereza walimpa jina la cheo cha jeshi. Ama jina la hargila, ambalo ni la watu wa Assam wenyewe, maana yake ni "mmeza mifupa".

Makao yake ni mabwawa na vinamasi. Siku hizi huzaa mahali patatu tu palipo mashuhuri: bonde la mto Brahmaputra katika Assam, nchi ya kandokando ya mto Ganges karibu na Bhagalpur katika jimbo la Bihar, na ziwa la Tonle Sap katika nchi ya Kambodia. Mvua kubwa zikiisha na maji yakaanza kupungua, samaki hubanana katika vidimbwi, naye husimama humo akivizia. Hula samaki, vyura, nyoka na panya; na apatapo mzoga huula, nyama yake na mifupa yake. Hujenga kiota cha vijiti juu ya miti mirefu, na jike hutaga mayai 2 hata 4. Baba na mama hupokezana kuyaatamia kwa muda wa siku kama 35, na makinda yakiwa bado dhaifu wazee huyatandia mbawa zao ili yapate kivuli cha jua kali. Watoto hukaa kiotoni karibu miezi 5 kabla ya kujitegemea.

Huyu ndiye ndege wetu. Sasa tuyatazame mashtaka anayoshtakiwa, tuone ni mangapi yaliyo ya kweli.

Shtaka la kwanza ni upara wake. Watu wasema kichwa hiki ni cha aibu. Lakini ndege aingizaye kichwa chake ndani ya mzoga, kama angekuwa na manyoya mengi, yangeshikamana na damu na uchafu, na asingeweza kuyasafisha kwa mdomo wake mwenyewe. Upara ule ndio usafi wake.

Shtaka la pili ni kifuko. Anayekiona hudhani ni ghala ya mlafi, kuwa ndege huyu hujiwekea humo chakula cha kesho. Nacho si hivyo. Kifuko kile hakipokei chakula hata chembe. Ni mfuko wa pumzi, uliounganishwa na njia ya hewa. Tumemwita mlafi kwa sababu ya kitu kisichokuwa na ndani yake illa hewa.

Shtaka la tatu ni miguu yake, ambayo mara nyingi huwa imepakaa kinyesi chake mwenyewe. Na jambo hili latapisha kulitaja. Walakini katika joto kali ndege huyu hujimwagia kinyesi cha maji miguuni, na unyevu ule ukikauka humpunguzia joto la mwili, kama vile jasho linavyotupunguzia sisi. Mwenye kutokwa na jasho kwapani hapaswi kumcheka.

Shtaka la nne ni kuwa hana sauti. Ni kweli, hana uimbaji. Hugongagonga mdomo wake na kuguna. Lakini tangu lini ububu ukawa kosa?

Tazama, ewe ndugu msomaji, namna mashtaka haya manne yalivyoyeyuka. Katika kila moja jicho lilisema kweli ya yale liliyoyaona, kisha moyo ukaongeza tafsiri yake, na tafsiri ile ilikuwa ya uwongo. Hapa ndipo mahali pa kwanza pa kusimama. Karaha si dhambi. Ni kitu alichoumbiwa mwanaadamu, kimkinge na uvundo na maradhi. Karaha ni shahidi. Na shahidi haketi katika kiti cha kadhi. Dhulma huanza pale shahidi anapovikwa joho la kuhukumu.

Na msomaji wa Kurani anakumbuka khabari ya wana wawili wa Adamu, vipi yule aliyemuua ndugu yake hakujua la kuifanyia maiti, akaletewa kunguru kumfundisha. Hakuletewa tausi wala njiwa. Mwalimu alikuwa ni ndege mweusi, mla mizoga, naye mwanaadamu ndiye aliyekuwa mwanafunzi mwenye haya.

Tuingie sasa katika khabari za watu na ndege huyu, maana humo mna mazingatio makubwa.

Katika karne ya 19 mji wa Calcutta ulikuwa umejaa hargila. Wakisimama juu ya mapaa ya majumba makubwa, hata juu ya jumba la Serikali, na wakishuka njiani kuokota mizoga na takataka za mji. Watu wakaona faida yao, ikatungwa sheria ya kuwalinda, na aliyemuua mmoja alitozwa faini ya rupia 50, nazo hazikuwa fedha kidogo zama zile. Hata katika nembo ya baraza la mji walichorwa hargila wawili wakielekeana, kila mmoja ana nyoka mdomoni.

Mtu akisikia haya atasema: "Basi hao walimheshimu." Lakini ngoja. Katika zama hizo hizo walikuwako askari vijana wa Kiingereza waliofanya mchezo wa kumtupia mfupa uliotiwa baruti na utambi, ili aumeze upasukie tumboni mwake wapate kucheka. Na katika zama hizo hizo manyoya laini ya chini ya mkia wake yalinunuliwa kwa bei, yakashonwa vitambaa vya shingoni vya mabibi wa Ulaya. Vingine vilionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851. Mwenye manyoya anachukiza, na manyoya yake yanapamba. Wahenga wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mambo yamegeuka: kipande cha mti kimetupwa jaani, na mkakasi umetiwa shingoni.

Kisha siku zikapita. Calcutta ikajengewa mifereji, takataka zikapata wachukuzi wengine, na mabwawa ya pembezoni yakafukiwa. Ilipoingia karne ya 20 wale ndege wa mapaani walikuwa wakitoweka, na mji ukaendelea na shughuli zake. Nembo ilibaki na ndege wawili, na ndege wenyewe hawapo. Ikiwa yule ndege alilindwa kwa sababu anazoa taka, basi siku ilipopatikana njia nyingine ya kuzoa taka sababu ya kumlinda ilikwisha. Haki iliyojengwa juu ya faida huanguka siku faida inapoanguka. Haikuwa haki; ilikuwa ujira.

Hii ndiyo pande moja ya suala letu. Pande ya pili ni nzito zaidi, nayo yatoka Assam, katika vijiji vya Dadara, Pacharia na Singimari vya wilaya ya Kamrup. Huko hargila hapendi kuzaa msituni peke yake. Huchagua miti mirefu iliyomo katika viambo vya watu, mti ulio nyuma ya jiko, mti alioupanda babu. Na mti ule ni milki ya mtu. Sasa fikiri, ewe ndugu, hali ya mwenye mti. Kwa miezi kadhaa kila mwaka uwanja wake hunyeshewa kinyesi kinachonuka. Vipande vya samaki waliooza, nyoka waliokufa na mifupa huanguka pale wanapocheza watoto wake. Nguo alizoanika huchafuka. Wageni huziba pua. Tena watu wa kijijini walikuwa wakisema kuwa ndege huyu ni mkosi na huleta maradhi. Mwenye mti akichukua shoka akaukata mti wake, je, amedhulumu?

Hatutaki kulijibu suala hili kwa wepesi, maana mashaka ya mtu huyu ni ya kweli. Yeye hakumchukia ndege kwa tafsiri ya uwongo tu. Ana madhara yanayomfika yeye na watu wa nyumba yake. Mtu anayemwambia, "Vumilia, kwani ndege huyu ni adimu duniani," hali yeye mwenyewe analala mbali na ile harufu, huyo anafanya ukarimu kwa mali ya mwenziwe. Na ukarimu wa namna hiyo ni mwingi katika dunia, nao haugharimu kitu illa maneno.

Mwaka 2007 mwanamke mmoja wa Assam, Purnima Devi Barman, aliyekuwa akisomea elimu ya ndege, alifika katika kijiji kimoja akakuta mti umekatwa, na makinda ya hargila yameanguka pamoja nao. Alipomlaumu mwenye mti, watu walimcheka. Wakamwambia kama ampenda mno ndege huyo, na aje awe mtumishi wa kufagia uchafu wake. Yeye angeweza kurejea kwake na elimu yake akaandika kitabu juu ya ujinga wa watu wa vijijini. Lakini neno lile la mzaha lilikuwa na haki ndani yake. Lilikuwa linauliza: nani atachukua mzigo?

Akaakhirisha masomo yake, akakaa na watu. Na hakuanza na wenye miti, bali na wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaofagia ule uwanja. Aliwakusanya kwa mapishi na kwa michezo ya watoto, akawaeleza maisha ya ndege huyu, namna anavyohangaikia makinda yake. Wakaanza kumfanyia hargila, msimu wake wa kuzaa ukifika, ile sherehe wanayomfanyia mwanamke mwenye mimba. Wao wana ada zao na sisi tuna zetu. Tunachokitaka hapa ni maana yake, nayo ni kwamba mama alimtambua mama. Wakapatiwa vitanda vya kufumia na nyuzi, wakafuma nguo zenye sura ya hargila, wakauza, wakapata chumo. Wenye miti wakasifiwa mbele ya watu kwa subira yao. Chini ya viota zikafungwa nyavu, kinda likianguka lisife.

Wanawake hao wakaitwa jeshi la hargila, na hesabu yao imepita 10,000. Katika vijiji vile viota vilikuwa 28 kazi ilipoanza. Kufikia mwaka 2022, Umoja wa Mataifa ulipomtunukia mwanamke huyu nishani yake ya walinzi wa dunia, viota vilikuwa zaidi ya 250. Ndege ambaye miaka michache nyuma alihisabiwa duniani kote kuwa hazidi takriban 1,200, mwaka 2023 aliondolewa katika daraja ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, akawekwa katika daraja iliyo nafuu kuliko hiyo.

Na kama ukisema: "Hao nao wamelipwa. Wamepewa vitanda vya kufumia na sifa. Tofauti yao na Calcutta ni ipi? Kule faida, na hapa faida," tutakujibu kuwa suala lako ni zuri, na jibu lake lina mambo mawili.

La kwanza: Calcutta ilimpa ndege thamani ya kazi yake tu, wala haikumtazama zaidi ya hapo. Wanawake wa Kamrup walimtazama kwanza. Walijua kuwa ana watoto, na kuwa hupokezana na mwenziwe juu ya mayai, na kuwa hutandaza mbawa juani. Mtu akishajua haya ya kiumbe, hawezi tena kumwona kuwa ni uchafu uendao kwa miguu miwili. Chumo lilikuja kumsaidia aliyekwisha kuona. Halikuja kumnunua asiyeona. Hongo humfanya mtu atende asilolisadiki. Msaada humwezesha kutenda alilolisadiki.

La pili, nalo ndilo kubwa: kumpa mwenye mti kitu si kumlipa ili awe mwema. Ni kumwondolea dhulma. Ikiwa ndege huyu ni amana kwa watu wote, basi si haki gharama ya amana ibebwe na nyumba moja iliyo chini ya mti. Wema unaobebwa na mmoja kwa niaba ya elfu huchoka, na ukichoka hushika shoka. Kwa hivyo mwenye kutaka haki ya kiumbe isimame, na aulize kwanza ni nani anayeilipia haki hiyo, kisha aende akamshike mkono.

Sasa turejee kwetu, kwani khabari ya mbali isiyorejea nyumbani ni porojo. Sisi wa Afrika Mashariki tunaye ndugu wa damu wa hargila: ndiye marabu, korongo mkubwa mwenye upara na kifuko, ambaye watu wa Kampala wamwita kalooli. Twamwona jaani na machinjioni, na kila ampitaye humtemea neno. Mashtaka yake ni yale yale manne, na majibu yake ni yale yale. Tena yeye hakulitengeneza jaa. Jaa ni letu. Katika mji wa Guwahati, mji mkubwa wa Assam, kwa miaka mingi taka zilimwagwa Boragaon, kando ya ziwa la Deepor Beel, lililotiwa mwaka 2002 katika orodha ya maziwa na mabwawa yenye kuhifadhiwa na mataifa. Na mamia ya hargila wakajikusanya humo wakila makombo baina ya plastiki. Mpitaji husema, "Tazama ndege mchafu." Lakini uchafu ule umetoka katika nyumba gani?

Na wako wanaadamu pia, ewe ndugu yangu, wanaosimama pale pale asimamapo ndege huyu. Yuko mzoa taka wa mtaani, yuko topasi wa vyoo, yuko mwosha maiti, yuko mwanamke anayefagia soko kabla ya alfajiri. Tumesema mwanzo kuwa kila mtu atajibu upesi kuwa karaha si hukumu juu ya mwanaadamu. Basi ijaribu sarafu yako sasa. Lini mara ya mwisho ulipomwamkia mzoa taka kwa jina lake? Akija kuposa kwako, utamwuliza khabari ya dini yake na tabia yake, au utamwuliza kazi yake na ukaishia hapo? Akigonga mlango kuomba maji ya kunywa, utamtolea katika bilauri ya wageni, au utamtafutia kikopo? Tumemlipa ujira wake mwisho wa mwezi tukadhani tumempa haki yake, kama Calcutta ilivyodhani. Na siku itakapopatikana mashine ya kuifanya kazi yake, tutajua kama tulikuwa tukimheshimu yeye au tukiiheshimu taka iliyoondoka.

Hatumwambii mtu apende harufu mbaya, wala hatumwambii aseme hargila ni mzuri kama tausi. Huo ungekuwa uwongo, na haki haihitaji uwongo. Twasema hivi: kiumbe haombi upendezwe naye ndipo apate haki yake. Aliyemuumba hakukushauri juu ya sura yake. Lililo juu yako ni kumtazama mpaka umjue, kutoongeza tafsiri juu ya unayoyaona, na kuuchukua upande wako wa mzigo anaoubeba jirani yako kwa ajili ya wote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho yasiyofanya haraka, na mikono isiyoogopa kufagia. Amin.